Mwili Mpya wa Mwoka Mikate

Benchi letu liko nje ya lango la Ostia, bandari ya Roma, pale barabara inapoanza kupita kati ya makaburi, na Thallusa hutuuzia divai ya moto. Siku ile tulikuwa watatu: mimi mwendesha nyumbu, Pua mpakuzi wa bandarini, na Makengeza mvusha watu mtoni. Mbele yetu kasimama Gavius Tucca, mwoka mikate, marehemu. Mwanawe aliagiza sanamu ya marumaru, na asubuhi hiyo Hilarus mchongaji alikuwa ameisimamisha kaburini. Kichwa ni Tucca mtupu: upara, makunyanzi, kidevu cha pili. Kutoka shingoni kushuka chini, uchi wa mnyama, kijana wa riadha.

Pua: Alikuwa hivyo ujanani, bwana. Unga ndio uliomvimbisha.

Makengeza: Ujanani wapi! Maiti yake tuliichoma hapa hapa, mafuta yote yakateketea. Hicho ndicho kilichobaki.

Pua: Labda. Halafu kuzimu hakuna mikate.

Mimi: Na uchi je?

Pua: Kikulacho ki nguoni mwako. Kavuliwa nguo, haliwi tena!

Makengeza: Nyie hamwoni mbali. Mtazameni yule mfanyabiashara wa kamba, kaburi la tatu. Mapaja ni haya haya! Na yule hakimu wa marumaru pale sokoni, haya haya! Kuzimu kuna mwili mmoja tu mzuri, waheshimiwa wanaazimana kwa zamu.

Thallusa alicheka hadi akamwaga divai. Nikamgeukia Hilarus, aliyekuwa akipangusa vumbi miguuni pa sanamu.

Mimi: Fundi, kidevu kile na kifua hiki vimekutana wapi?

Hilarus: Kichwa nimechonga mimi. Mwili ulikuja na meli kutoka Ugiriki, umekamilika, unangoja kichwa tu. Ndivyo wanavyotaka siku hizi.

Hapo akatokea Petilia, mjane wa Tucca. Hakuwa ameiona sanamu. Tukainuka wote.

— Pole, mama.

— Nimeshapoa, wanangu.

Akasogea, akaweka kiganja shavuni pa sanamu, akakiacha hapo kitambo.

— Ni yeye. Hata kovu la tanuri hujalisahau. Ahsante, Hilarus.

Hilarus akashusha pumzi. Mkono wa mama ukateremka shingoni, ukafika pale mawe mawili yalipounganishwa, ukasimama.

— Na huyu mwingine ni nani?

Akatugeukia sisi wa benchi.

— Nauliza kwa sababu majivu yangu yatawekwa humu humu. Nitalala na nani?

Hilarus akarudi kupangusa vumbi miguuni pa sanamu. Makengeza akainamia kikombe chake.

Petilia akavua shali yake, akamfunga yule kijana kiunoni, akakaza fundo.

— Uchi barabarani, na upepo huu wa bahari! Naye ni mtoto wa mtu.