Daftari Lisiloogopa Karani

Treni ya jioni ilipotoka Makadara, Odera, karani mstaafu wa baraza la jiji, aliinua gazeti kana kwamba anasoma, masikio akayaacha kwa majirani. Mama mmoja alikuwa amembana katibu wa chama chao cha kuzikana.

"Nabiswa, uliandika sikufika matanga ya mamake Opicho, na sufuria nilisugua mimi. Nifutie."

"Nilikosea, Mama Whitney. Lakini siku hizi daftari liko kwenye simu za wanachama wote, na kila ukurasa umeshikana na ule wa kabla yake. Nikibadilisha kwangu, simu za wengine zitanikataa. Naweza tu kuandika chini yake kwamba ulifika, wenzako wathibitishe."

"Na lile kosa?"

"Litabaki."

Odera alishusha gazeti. Miaka thelathini alifuta majina ya watu katika madaftari ya baraza kwa wembe, polepole, karatasi isitoboke, na hakuna aliyejua. Kumbe kuna daftari lisiloogopa karani.

"Hata wajukuu wangu watalisoma kosa hilo?" Mama Whitney aliuliza.

"Hata wao."

Treni ilisimama. Mama Whitney akabeba kikapu chake.

"Mungu mwenyewe hufuta," alisema, akashuka.