Kiraka cha Mwanarusi

Wasikilizaji wapendwa, asalaam aleikum. Nanyi mlio mashambani, Mkongani na Kinango, hamjambo nyote. Leo tunamkumbuka Bi. Biasha Chande, mshonaji wa Msambweni, aliyezikwa Ijumaa iliyopita. Biasha Chande, wa Msambweni. Wengi wenu mmevaa kazi ya mkono wake.

Bi. Biasha alikuwa na ndugu mmoja tu, mdogo wake, Mwanarusi. Mwaka wa sitini na moja, mwaka wa mafuriko, Mwanarusi alikuwa akivuka Mto Umba akitoka harusini. Maji yakamchukua. Alitafutwa siku tisa, hakuonekana.

Alikuwa amevaa gauni la maua ya manjano, aliloshonewa na dada yake. Uzi mweupe ulikuwa umekwisha, basi Biasha alilipiga pindo kwa uzi mwekundu. Wasikilizaji, ushikeni uzi huo. Mwekundu.

Mama yao alikataa matanga. "Mwanangu hajafa," alisema. "Ana baridi tu." Tangu hapo mama mwenyewe akawa anatetemeka. Jua la saa sita, naye meno yanagongana.

Pesa ya blanketi haikupatikana. Ndipo mwaka wa Uhuru, sitini na tatu, Bi. Biasha alipokwenda kwa fundi Chirau, pale sokoni, kuomba gunia la vipande. Watu walikuwa wakishonesha nguo za sherehe, na sakafu ya fundi ilijaa mabaki. Aliketi uani siku kumi, akiunganisha kaniki, bafta, mapindo ya leso na sare za shule. Ndani akajaza sufi. Alikuwa akimtengenezea mama yake mfarishi wa kujifunika.

Siku ya nane alitia mkono guniani, akashika kitu kibichi. Gunia kavu, kipande kibichi. Maua ya manjano. Pindo la uzi mwekundu.

Bintiye, Mapenzi, alikuwapo. Ameniambia hivi: "Mama hakupiga ukelele. Alikinusa, akanipa nami. Kilinuka tope la mikokoni. Kisha akavaa buibui lake, tukaenda kwa fundi."

Fundi Chirau alikigeuzageuza. "Wallahi, dada yangu, kitambaa hiki hakijaingia humu dukani. Na huu ni mkono wako, si wangu."

Bi. Biasha alikianika siku mbili juani. Hakikukauka. Mwishowe alikishona katikati ya mfarishi. Mapenzi alipomuuliza kwa nini, alijibu, "Sina mahali pengine pa kumweka."

Mama yao alipofunikwa, alilala usingizi mzito. Alipoamka alisema kwa utulivu kabisa, "Mwanarusi anauliza mbona hatumwendei."

Wiki ya tatu yake, mwanamke wa Vanga, Bi. Menza, alipita hapo akienda kumuuguza mwanawe. Mfarishi ulikuwa umeanikwa uani. Akasimama, macho kwenye kile kiraka cha maua ya manjano.

"Hodi, jamani. Mwenye gauni hili ni nani wenu?"

"Mdogo wangu," akajibu Bi. Biasha.

Bi. Menza akaketi mchangani. "Tulimtoa mikokoni mwaka wa mafuriko. Nilimwosha mimi, tukamvika sanda. Gauni lake nililifukia kwa mikono yangu, zima, halikupungua hata uzi. Tuliogopa kuulizwa maswali, tukanyamaza. Nisameheni."

Walikwenda Vanga wote, mama akisaidiwa kutembea. Bi. Menza akawaonyesha kaburi, kisha akawaonyesha alipolifukia gauni. Wakafukua. Lilikuwapo. Sehemu moja ya pindo haikuwapo, imekatwa sawasawa, kama kwa mkasi. Na udongo wa juu ulikuwa mgumu, haujaguswa miaka miwili.

Wasikilizaji wapendwa, mimi sina maelezo. Nimewapa kama nilivyopewa.

Mama aliketi kaburini, akalia kwa mara ya kwanza. Matanga yakakaliwa Msambweni, siku tatu kamili, na Bi. Menza akaja kupika pamoja na jamaa. Mama aliishi miaka minne zaidi, wala hakutetemeka tena.

Tunampa pole Mapenzi na jamaa wote wa marehemu Bi. Biasha. Mola amrehemu, awape subira.

Nasi tuliobaki tujiulize. Ikiwa kijijini kwenu yupo mgeni aliyezikwa bila jina, msiogope. Semeni alipatikana wapi, na alikuwa amevaa nini. Yupo anayemtafuta.