Goti Lililopanda Ghorofa ya Tatu

Afande alifika kijiweni akitanguliza fimbo, akafuata mwenyewe, goti la kulia likaja mwisho kama mgeni asiyealikwa. Aliketi kwenye benchi lililo nje ya kibanda cha Kinyozi, akapokea kahawa, akatoa barua. Goti lile lilipondwa na sanduku la risasi lililodondoka kutoka kwenye lori la jeshi, na sasa ofisi ya mafao ilikuwa imemjibu. Jaji, ambaye alifagia mahakama miaka thelathini akastaafu na cheo alichojipa mwenyewe, alivaa miwani akasoma.

— “Mdai alileta fomu mwenyewe, ghorofa ya tatu, kwa ngazi. Hivyo goti ni zima. Asiporidhika, akate rufaa.”

— Rufaa inapelekwa wapi? aliuliza Kinyozi.

— Ghorofa ya tatu, Jaji akasoma.

— Hapo wamekuweza, Afande. Ukipanda, umepona. Usipopanda, umeridhika.

— Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka, Jaji akatamka. Hawakusema hulipwa.

Fundi Viatu, aliyekuwa akishona kando yao, akatoa misumari mdomoni.

— Panda kinyumenyume. Wakikuona wataandika ulikuwa unashuka.

— Kwani kushuka hakutaki goti? Afande akauliza.

— Kushuka ni uzito tu. Hata gunia hushuka.

— Mimi naona tumpandishe ndani ya kabati, alisema Kinyozi. Kabati haliulizwi habari za goti.

— Watalipiga namba ya ofisi! Fundi akadakia. Afande akae humo mpaka siku ya ukaguzi.

— Basi tuishitaki ngazi, Jaji akaamua. Ndiyo shahidi wao. Ije mahakamani ihojiwe.

— Itakujaje? Kinyozi akauliza.

— Hatua kwa hatua.

Afande alicheka nao. Fomu ya rufaa ilikuwa mapajani, na penye “Maelezo” palikuwa peupe wiki ya pili sasa.

Mama mmoja mwenye magongo alikuwa amesimama akisubiri kiatu chake kwa Fundi. Akauliza:

— Samahani kaka, siku ile ulipandaje?

Jaji akamtazama Kinyozi, Kinyozi akamtazama Fundi. Muda wote huo wameijadili ngazi, na hakuna aliyelijua hilo. Afande akainamia kikombe. Hakuwa amemwambia hata mkewe.

— Kwa makalio, dada. Ngazi moja moja, bahasha nimeing’ata. Nilianza saa tatu, nikafika saa tano. Watu walikuwa wananiruka.

— Umeliandika hilo?

— Naona aibu.

Mama akaegemeza magongo ukutani, akaketi kando yake.

— Aibu ni ya waliokuruka.

Afande akaomba kalamu. Jaji akakohoa.

— Ila mahakamani hatuandiki makalio. Tunaandika “sehemu ya kukalia”.

— Kaka, ulipanda na nini? mama akauliza.

— Makalio.

— Basi andika hayo.

Akaandika, kwa herufi kubwa, akakandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka.