Zabibu za Yudith na Kurasa Zilizobanwa

Kijiwe cha Mkonze, Dodoma, ni benchi moja, mguu wake mmoja tofali, mbele ya jiko la kahawa la Mzee Harithi. Asubuhi hiyo Zablon, wanayemwita Seva, alikaa na kompyuta mapajani. Ndiye aliyewatengenezea wakulima wa zabibu tovuti ya kuwajulisha gari la mavuno linapita lini. Juzi aliiagiza seva, kompyuta inayoihifadhi tovuti hiyo, ibane kurasa ziwe nyepesi. Tangu hapo simu za wakulima zinaonyesha alama za ajabu ajabu tu. Harithi alimjazia kikombe bila kuombwa, alishamsoma usoni.

— Seva, watu wanakulalamikia, alisema Batholomeo, jina la kijiweni Waziri.

— Simu zao mbovu! Kwangu si hii hapa inafunguka safi?

Mudrick, yaani Injini, akatikisa kichwa.

— Upepo wa Dodoma huo. Herufi zinatoka zimepangwa, zinafika zimepeperushwa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Guu linaingiaje hapo? aliuliza Waziri.

— Kwani mnara wa simu hauna guu?

— Toka hapa! Tangu wakubwa wa serikali wahamie hapa, intaneti yote inanywewa maofisini, wakulima wanaachiwa makapi. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

Zablon alicheka nao, kwa sauti kubwa kuliko wote.

Ndipo akaja Yudith, mtoto mgongoni, bakuli la zabibu mkononi. Mudrick alisimama ampishe.

— Shikamoo, Mzee Harithi.

— Marahaba, mwanangu. Kaa upumzike.

— Kaka Zablon, nimekuletea hizi, ndizo zilizobaki nzima. Gari lilipita jana, sikujua. Nisamehe, nadhani nilibonyeza vibaya nikakuharibia kazi.

— Hapana, dada, ni hizi simu zenu...

— Na wewe ukiifungua kwenye simu yako, unaona nini?

Zablon hakuwahi kujaribu. Akatoa simu: alama zile zile. Ile seva ilizibana kurasa bila kuziarifu simu kwamba zimebanwa, nazo zikasoma furushi bila kulifungua. Kompyuta yake ilikuwa ikimwonyesha nakala ya zamani iliyojiwekea.

Akaizima ile amri.

— Jaribu sasa, dada.

Yudith akafungua, uso ukang'aa.

— Imekubali! “Mkonze, gari: jana asubuhi.”

Akamsogezea bakuli.

— Kula, kaka. Umehangaika sana.

Zablon akachukua zabibu moja. Akaishika tu.