Kengele Ng'ambo ya Mtaro

Kring. Mara moja tu, kisha usiku ukafunga kinywa. Kulipopambazuka, sauti ile ilikuwa imeshafika kijiweni kwa Bu Parni, mama muuza kahawa, kabla ya wenye kijiwe kufika. Kijiwe chenyewe ni benchi la mianzi pale Pare, mji mdogo wa Wajava, kando ya kijiji cha Kiingereza, na kati yavyo kuna mtaro na ubao wa kuvukia. Ng'ambo ya mtaro, vijana kutoka kila kisiwa huja wakakaa mwezi mzima, wakila, wakiosha vyombo na kugombana kwa Kiingereza peke yake. Anayeponyokwa na lugha ya mama yake huvishwa kibao shingoni hadi jioni. Huku kwenye benchi sheria hiyo haivuki. Hapa wanafunzi hutoroka waje waongee kikwao kidogo, kama mtu aliyebana kikohozi msikitini akatoka nje kukohoa.

— Mlisikia? akauliza Redio, kinyozi ambaye habari humfikia kabla ya nywele.

— Nani hakusikia? Hata jogoo wangu aliitika, akajibu Kamusi. Huyu alipika bwenini miaka mingi, akastaafu na Kiingereza cha mboga tu. — Mwizi yule.

— Mwizi gani anapiga kengele? Anaomba apishwe?

— Mwizi mwenye adabu. Wahenga walisema, mwenyeji njoo, mgeni apone.

— Methali hiyo umeipanda kichwa chini miguu juu.

— Basi ni mzuka wa Mholanzi. Aliazima baiskeli enzi zile za ukoloni, amekuja kuirudisha.

— Mholanzi? Arudishe kitu? Redio alicheka mpaka kahawa ikampanda puani. — Kaka, mimi nakwambia ni setilaiti. Wanapima nani kalala na nani anajifanya kalala.

Mzee Ngadiran hakucheka. Yeye ndiye mkodisha baiskeli wa wanafunzi, na benchi zima humwita Spoku. Alikuwa amemimina kahawa kwenye kisahani, akaisahau humo.

— Spoku, kengele ndiyo kazi yako. Ile ya baiskeli gani?

— Sikuisikia.

— Hukuisikia, na nyumba yako ndiyo ya kwanza barabarani?

— Nimesema sikuisikia, bwana.

Aliisikia. Aliteremka kitandani, akaweka mkono kwenye komeo la mlango, na mkono ukagoma. Kengele ile ilikuwa ya shaba, ya marehemu baba yake. Huanza laini na kumalizia na mkwaruzo. Aliifunga mwenyewe kwenye baiskeli ya kijani, siku binti yake alipoajiriwa ualimu ng'ambo ya mtaro. Siku hiyohiyo mchana alimpelekea wali wa pecel, wa mboga za kuchemsha, kwenye jani la mgomba, sosi ya karanga bado ya moto. Akamwita langoni. Binti akaja, wanafunzi nyuma yake, akamjibu kwa Kiingereza, uso juu, kama anavyojibiwa mpita njia. Sheria ilitaka hivyo. Lakini kwa Wajava mtoto humjibu baba kwa maneno ya kuinama, na Ngadiran alisimama pale akingoja walau neno moja. Vijana wakacheka.

“Sina mtoto wa kuongea nami hivyo,” alisema, akarudi na wali wake.

Binti akaenda Surabaya, halafu nje ya nchi. Kengele aliing'oa akaichukua, baiskeli akaiacha. Haijawahi kukodishwa, na kila Ijumaa Ngadiran huijaza upepo. Jina la binti hakulitaja tena, na kijiwe kikashika adabu hiyo. Wakilazimika, husema “yule.”

— Mimi nina wazo jingine, Kamusi akaanza, sauti chini. — Labda ni yule...

— Kunywa kahawa yako, Bu Parni akamkata.

Hapo msichana mmoja akavuka ubao mbiombio, kibao kikimpigapiga kifuani.

— Shikamooni, wazee. Naitwa Yasinta, natoka kisiwa cha Flores. Siku ya kwanza tu nimeshavishwa hiki. Naomba niongee, nitapasuka!

— Ongea, mwanangu. Upande huu ni bure.

— Jana kwenye gari la kutoka Surabaya nilikaa na dada mmoja, mtu mzima. Usiku kalala bwenini kwetu. Ana kengele ya baiskeli, baiskeli hana! Usiku akatoka nayo, nikasikia kring, akarudi akajilaza na viatu vyake. Sasa amefunga begi, anangoja gari lirudi. Anasema alibisha, hakufunguliwa.

Bu Parni akaweka birika chini.

— Nataka nikamzuie, Yasinta akaendelea, — lakini nitamwitaje? Nilimwuliza jina, akasema mwenye kulitaja yuko huku. Nyinyi wenyeji, anaitwa nani?

Benchi lililokuwa na majibu ya wezi, ya mizuka na ya setilaiti, halikuwa na jibu la jina moja. Wote walilijua. Hakuna aliyethubutu.

— Toa basi methali, Redio akanong'ona.

— Zimeniishia, Kamusi akasema.

Ngadiran akainuka. Aliingia uani kwake, akatoka na baiskeli ya kijani, akaisukuma hadi kwenye ubao. Mkono uleule uliogoma usiku sasa ulikuwa umeshika usukani.

— Spoku, kahawa yako!

— Iacheni ipoe.

Yasinta alimfuata, wakavuka mpaka langoni. Ndani kulikuwa na vijana wanafagia uwanja, na mlango wa bweni ulikuwa wazi. Gari lilikuwa limeshafika, mlio wake ukitetemesha vioo. Mwanamke mmoja alikuwa anainamia begi lake, mgongo kwao.

— Mwanangu, Ngadiran akasema, — nipe hicho kibao.

— Lakini, mzee, wewe hujakosea.

— Nataka kukosea sasa hivi.

Akainamisha kichwa, akavishwa. Akashika usukani kwa mikono miwili, akavuta pumzi, akaita kwa lugha ya nyumbani:

— Winarsih!