Wazee wa Benchi na Ruhusa ya Ohio

Haya niliyaona kwa macho yangu mawili, na la kushoto ndilo kali zaidi. Ukikutana na mtu anayekusimulia vingine, jua alikuwa ndani ya duka akichagua mchele. Duka lenyewe ni la Salmin na mkewe Fatimah, pale Minneapolis, Marekani, na nje yake kuna benchi refu lililotoka kanisani. Salmin alilinunua kanisa lilipokuwa likiuza viti, na tangu hapo Waislamu na Wakristo hulikalia pamoja na kuungama dhambi za watu wengine. Salmin ni mtu wa Mombasa, humimina kahawa tungu yenye tangawizi na kukata mashauri asiyoletewa, ndiyo maana wanamwita Kadhi. Wanjala anafanya kazi ghalani kule Shakopee. Yeye ni Spika, kwa kuwa kunyamaza hakumpendezi. Mugisha wa Bukoba anaendesha lori, jina lake Ramani. Na Jumamosi hiyo katikati yao aliketi Wanjohi, ambaye hana jina la utani; matatizo yake yanamtosha.

Tatizo la siku hiyo lilikuwa hili. Dada yake, Peris, anaolewa Ohio wiki inayofuata. Fiona, binti yake Wanjohi, ndiye amechaguliwa kurusha maua, na Ian mdogo wake ameshanunuliwa tai. Lakini Wanjohi na mama yao, Philister, waliachana, na hati yao ya korti inasema mzazi mmoja hawatoi watoto nje ya steti, yaani jimbo, bila ruhusa ya mwenzake kwa maandishi. Ruhusa hiyo Wanjohi hakuwa nayo.

— Si umtumie meseji tu? akasema Kadhi.

— Nimeandika, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Sisi siku hizi tunaandikiana "nimefika" na "sawa". Sasa kutoka "sawa" mpaka Ohio napitia wapi?

— Unaogopa atakataa.

— Akikataa nitamwambia nini Fiona? Huyo mtoto anafanya mazoezi sebuleni kwangu kila akija. Maua ya plastiki yamejaa kwenye kapeti mpaka mashine ya kufagia imekohoa ikazima.

Ramani akaweka kikombe chini, ishara kwamba elimu inakuja.

— Bwana Wanjohi, hizi barabara nazijua mimi. Ukienda mashariki unaingia Wisconsin, tayari umetoka steti. Kusini ni Iowa, umetoka. Magharibi, Dakota, umetoka. Kwa hiyo wewe nenda kaskazini.

— Kaskazini kuna nini?

— Kanada! Hapo hujaenda steti nyingine, umeenda ng'ambo. Korti imesema steti, haikusema ng'ambo. Unazunguka maziwa taratibu, unaishukia Ohio kutoka juu, kama mvua.

— Na Ohio yenyewe si steti?

Ramani akakichukua tena kikombe.

— Hiyo ni sehemu ndogo tu ya safari.

— Kuku wa maskini hatagi, na akitaga haangui! akapaaza sauti Spika.

— Methali hiyo inaingia wapi hapa, wewe? akauliza Kadhi.

— Inaingia yenyewe ikipata nafasi. Sikizeni, buda zangu. Kwa nini Fiona aifuate harusi? Harusi imfuate Fiona! Peris ana gari. Bwana harusi ana gari. Waje tuwafungishe ndoa hapa hapa kwa maegesho. Kadhi atapika biriani.

— Ukoo wote wa bwana harusi uko Ohio, akasema Wanjohi.

— Waje na ukoo! Mwacha mila ni mtumwa.

— Mila gani?

— Hiyo ya kumfuata Fiona.

Wanjohi akashika kichwa. Hapo Kadhi akakohoa, akakunja kanzu yake vizuri kama mtu anayetaka kuhukumu.

— Mnatwanga maji. Jambo kubwa haliombwi na mwenye shida. Wewe posa ulikwenda peke yako?

— La. Walikwenda wazee.

— Haya. Ruhusa ya watoto ni ndogo kuliko posa? Tutakwenda sisi. Tunavaa, tunabeba mguu wa mbuzi, sukari, majani ya chai, na blanketi la mama yake Philister.

— Mama yake yuko Kisii.

— Blanketi litakwenda kwa posta! Sisi tunafika kwake Woodbury, tunabisha hodi, tunazunguka maneno kama watu waliolelewa.

Na niwaambie ukweli, Wanjohi aliona hapo ndipo penye akili. Kwao alikokulia, kitu kizito hakiombwi kwa mdomo wa anayekitaka. Hutafutiwa midomo ya kukodi. Alihisi mabega yake yakishuka kwa mara ya kwanza wiki hiyo. Wazee wakienda, hata wakikataliwa, hapana itakuwa imewapata wao kwanza.

— Tufanye mazoezi, akasema. Spika, wewe msemaji. Nani atakuwa Philister?

Kadhi, bila kusukumwa, akavuta leso ya Fatimah iliyoanikwa kwenye kitasa cha mlango, akajitanda kichwani, na kuikunja midomo.

— Hodi, Mama Fiona! akaanza Spika. Sisi ni wasafiri. Tumetembea, miguu imevimba. Tumeona moshi kwako tukasema, hapa pana mtu wa utu...

— Moshi gani? Hicho ni king'ora cha jikoni kimelia! akajibu Kadhi kwa sauti nyembamba. Semeni mnachotaka, nina zamu!

— Mficha uchi hazai, mama, kwa hivyo tunakufichulia...

— Ohio? Na huyo baba yao? Mtu aliyenirudishia Ian mwezi wa Januari na glavu moja!

— Ilianguka kwenye theluji! akaruka Wanjohi.

— Moja! Mkono mmoja moto, mkono mmoja barafu! Mtoto kama friji iliyoharibika!

— Nilirudi kuitafuta, Philister! Nilichimba theluji kwa kijiko! Wanjohi alikuwa amesimama sasa, anaiambia leso ile yale yaliyofutwa kwenye simu. Najua nilikosea kutokwambia. Lakini hii ni harusi ya shangazi yao. Nitawapigisha simu kila tukisimama kutia mafuta. Nataka tu wachezee harusini na watu wa kwao. Basi.

Spika mwenyewe alikuwa kimya, na hapo ndipo Wanjohi alipojua kuna jambo.

— Endelea, Mama Fiona, ikasema sauti nyuma yao. Na mimi nasikiliza utajibu nini.

Alikuwa Philister, bado na sare ya hospitali. Kila Jumamosi huwaleta watoto pale pale kwenye maegesho, ila siku hiyo zamu yake ilikuwa imebadilishwa, akawahi. Watoto walishaingia dukani kutafuta kashata. Kadhi aliivua leso polepole, kama mtu anayemtoa nyuki nyweleni.

— Karibu, shemeji, akasema. Tulikuwa tunakutaja kwa wema.

— Nimesikia. Mimi ni friji.

— Friji ni Ian, akasahihisha Ramani.

Philister akawatazama mmoja mmoja, midomo ikimcheza.

— Wazee wangu, nina swali moja tu. Nani atamsuka Fiona?

Ramani akasema kuna msusi Chicago, karibu na daraja fulani, lakini hakumbuki daraja. Kadhi akapendekeza ushungi. Watu hao walikuwa wamezunguka Kanada na kuihamisha Ohio, lakini kichwa cha msichana mmoja kiliwashinda.

— Sijui, akasema Wanjohi. Mimi sijui kusuka. Mama Fiona, naomba niwapeleke watoto harusini. Nilipaswa kukuuliza mwenyewe.

— Peris alinipigia zamani, nikawa nangoja nione utauliza lini. Nitamsuka mimi Alhamisi. Alale na kitambaa kichwani, na huko hotelini asiingie kwenye maji kabla ya harusi. Lete karatasi.

Spika akataka kumtajia maneno ya kuandika: "Sisi wazee wa benchi, kwa kauli moja..." Philister akaandika mwenyewe juu ya boneti ya gari: majina ya watoto, siku za kwenda na kurudi, wanakofikia, namba yake ya simu. Akatia sahihi. Ramani akanyoosha mkono aombe kalamu, naye atie yake.

— Hii ni barua, shemeji, si orodha ya mchango, akasema Philister.

Fiona akatoka na kashata mdomoni, akaona karatasi, akaona uso wa baba yake.

— Wait, we're going? We're going!

Akapiga kelele mpaka Fatimah akatoka na mwiko. Kadhi akamimina kahawa ya kila mtu, na Philister akanywa yake akiwa amesimama, akasema ni chungu, akaomba nyingine. Kisha akaenda. Kabla ya kuingia garini aligeuka, akampungia Wanjohi mkono, naye Wanjohi akapunga.

Yote hayo ni kweli tupu, isipokuwa kimoja, na bora mkisikie kwangu kabla hamjakisikia kwa Salmin. Philister hakumpungia Wanjohi. Alimpungia Fiona, aliyekuwa amesimama juu ya benchi nyuma ya baba yake. Lakini Wanjohi alipunga kweli, tena kwa mikono yote miwili, na mimi nikaona si haki mtu mwenye furaha kiasi kile ayapungie maegesho.