Ednah Kathure: Kutoka Sitini, Ukiwa na Mzigo

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti karibu na redio. Leo tunamkumbuka Ednah Kathure, muuza magari wa Meru, aliyezikwa Jumamosi iliyopita kule Kibugu, Embu. Nawaambia mapema kwamba leo sina maneno matamu. Nilikuwa kwenye mazishi hayo, nikarudi nyumbani na uchungu ambao hata chai haikuuteremsha.

Tuanzie miaka ya tisini, magari ya mitumba kutoka Japani yalipoanza kujaa mjini. Ednah alikuwa na yadi yake, na alikuwa na maneno. Mwanamke wa viatu virefu, lakini akiingia kwenye gari anavivua, anaviweka kwenye dashibodi, anaendesha miguu mitupu. Mteja akisitasita, Ednah habishani naye. Anampeleka Ruiri.

Mnaijua ile barabara ya Ruiri, imenyooka na ni tambarare. Anasimamisha gari. Ndani ni yeye na mteja tu. Shingoni amevaa saa ya kupima wakimbiaji, aliyoiazima kwa mumewe, Mwalimu Gitari, aliyefundisha michezo. Anakanyaga mafuta. Kichwa cha mteja kinagonga kiti. Mshale wa mwendo ukifika mia, Ednah anamwonyesha saa, sekunde ni chache. Sifuri hadi mia. Basi, hapo mambo ya bei yanaisha. Watu walilipa wakicheka.

Muuzaji wake mmoja, Muthamia, alijifunza mchezo huo kwa Ednah mwenyewe. Shikeni jina hilo, tutarudi kwake.

Mwaka wa tisini na tisa Ednah alimuuzia gari ndugu yake, Mukiri. Gari dogo, jeupe, la otomatiki. Naye alipelekwa Ruiri kama wengine. Alirudi amelewa mbio hizo, akawaambia jamaa wote kwamba gari lake halipitwi.

Desemba, Mukiri akaenda Kibugu kumtembelea dada yake, aliyekuwa huko nyumbani kwa mumewe kwa sikukuu. Alikwenda na mkewe, watoto wao wawili, na mama yake na Ednah, Mama Makandi. Wakala, wakaomba, wakaaga. Sasa, wasikilizaji, nani hapa kwetu huwaacha wageni waondoke mikono mitupu? Ednah alipakia gunia la viazi. Akapakia mkungu wa ndizi, nduma na maziwa. Nyuma ya gari ikalala chini. Akaifunga buti kwa goti, akicheka.

Kwenye mlima mmoja kupita Chuka walikuta lori la mchanga kutoka Kiritiri likipanda polepole. Mukiri akatoka kulipita. Katikati ya kulipita, basi likatokea mbele. Mukiri alifia pale pale. Wengine walipona na majeraha. Mama Makandi, aliyekuwa amekaa mbele, anachechemea hadi leo.

Nilimuuliza mama huyo juzi anachokumbuka. Aliniambia hivi: "Mukiri alikanyaga. Mimi niliuona mguu wake. Gari ikapiga kelele, lakini haikuenda."

Lilipiga kelele, lakini halikwenda. Kwenye matanga ya mwanawe, mbele ya watu, mama huyo alimgeukia binti yake akamwambia, "Ednah, ulituambia hii gari ina mbio. Mbio yake iliishia wapi?"

Baada ya mazishi Ednah alitafuta gari kama lile. Akalipakia viazi, akapakia watu wazima wanne, akaenda mlima ule ule barabara ikiwa haina magari. Safari hii hakuanza kwa kusimama. Aliingia mlimani kwa sitini, akakanyaga hadi chini, na akaanza kuhesabu pale pale mguu uliposhuka. Gia ilifikiri kwanza. Kisha injini ikanguruma. Kisha, taratibu kama mgonjwa anayeinuka kitandani, gari likaanza kuvuta. Mwalimu Gitari anasema mkewe alirudi nyumbani akabaki ndani ya gari, akagoma kushuka. Alimwambia, "Mwalimu, nimekuwa nikiuza mlango, watu wakidhani wananunua nyumba."

Nisikilizeni hapa, maana ndilo jambo aliloliishi hadi kufa. Sifuri hadi mia hupimwa gari likiwa tupu, barabara ikiwa sawa, dereva akiwa peke yake. Nani huku kwetu anasafiri hivyo? Sisi tunasafiri na mama, watoto na gunia. Tunasafiri milimani, kwenye hewa nyepesi inayochosha injini. Na hatufi tukiondoka. Tunakufa tukipita lori. Kwa hiyo Ednah alisema: pima kutoka sitini hadi tisini, ukiwa na mzigo, mlimani. Narudia. Kutoka sitini hadi tisini, na mzigo, mlimani. Hakusema kuondoka hakuna kazi. Alikubali kwamba mbio fupi ya kwanza inakusaidia ukiingia barabara kuu. Ila, alisema, usiitumie hiyo kununua gari la familia.

Alipofungua yadi tena baada ya matanga, kila mteja alipelekwa mlimani na magunia. Saa ikamwonyesha namba mbaya, na ya kweli. Na wateja, je? Walivuka barabara. Ng'ambo, Muthamia alikuwa amefungua yadi yake, na alikuwa anawapeleka Ruiri. Akawa anawaambia, "Mama yule siku hizi anauza matanga." Watu wakacheka, wakalipa kule.

Nakasirika nikisema haya. Mama aliyewadanganya walimtajirisha. Alipowaambia ukweli, wakamfilisi. Yadi ikafungwa, Ednah akaenda Kibugu kuchuma majani chai na mumewe. Kisukari kikamkuta huko.

Sasa Jumamosi. Wenye yadi walikuja kwa wingi, magari yamefungwa vitambaa vyeusi. Muthamia alipewa nafasi ya kusema. Akasema, "Kila kitu ninachojua kuhusu kuuza gari, nilifundishwa na Ednah." Watu wakapiga makofi. Na alisema kweli, ndiyo maana iliniuma. Somo la kwanza la Ednah bado linafundishwa. La pili tumelizika naye.

Jeneza liliposhushwa, wenye yadi walirudi barabarani kumpa heshima. Wakapanga magari, wakakanyaga, moja baada ya jingine. Matairi yakalia, moshi ukapanda hadi kwenye majani chai. Mama Makandi, na miaka yake tisini na ushee, akauliza kelele ile ni ya nini. Wakamwambia wanamuaga Ednah.

Akauliza, "Ndani ya kila gari kuna watu wangapi?"

Wakamjibu ni dereva peke yake.

Akasema, "Basi hawakumsikia." Akaomba aondolewe pale.

Mwalimu Gitari, Mama Makandi, na nyinyi watoto wa marehemu Mukiri, poleni sana kutoka kwetu sote hapa redioni. Mungu awape nguvu, na awalaze pema Ednah na ndugu yake. Na wewe msikilizaji unayeenda kununua gari wiki hii, tafakari. Muuzaji akiwasha injini akuonyeshe linavyoondoka, mwambie azime kwanza. Mwambie unakwenda kumleta mama.